Je, Wajua? Zhores Medvedev, Mwanasayansi Aliyeifichua Ajali ya Nyuklia Kutoka Maktabani

Kipimo cha kimataifa cha ajali za nyuklia kina ngazi saba. Ngazi ya 7 ina ajali mbili tu: Chernobyl ya mwaka 1986 na Fukushima ya mwaka 2011. Ngazi ya 6 ina moja, na hiyo ndiyo wengi hawajapata kuisikia. Ilitokea kando ya milima ya Ural, Urusi, tarehe 29 Septemba 1957, na serikali ya Kisovieti ikainyamazia kwa zaidi ya miaka 30.

Je, wajua kwamba mtu aliyeiweka hadharani aliichunguza akiwa London, bila maabara ya kazi hiyo, bila kifaa cha kupimia mionzi, na bila kukanyaga eneo lenyewe? Jina lake Zhores Medvedev. Alichotumia ni majarida ya kisayansi ambayo nchi hiyohiyo iliyoficha siri ilikuwa imeyachapa na kuyasambaza duniani.

Zhores alizaliwa Tbilisi, Georgia, tarehe 14 Novemba 1925, pacha wa Roy. Baba yao, Aleksandr, alifundisha falsafa katika chuo cha kijeshi mjini Moscow na aliyaamini mapinduzi kwa moyo wote. Ndiyo maana mmoja wa wanawe alimpa jina la Jean Jaurès, msoshalisti Mfaransa aliyeuawa mwaka 1914 siku chache kabla ya Ufaransa kuingia katika vita kuu, na mwingine jina la M. N. Roy, mwanamapinduzi wa Kihindi. Mapinduzi aliyoyaamini ndiyo yaliyommeza. Mwaka 1938 alikamatwa usiku, pacha wakiwa na umri wa miaka 12, akapelekwa kambi za Kolyma huko mashariki ya mbali, akafia huko mwaka 1941. Roy akawa mwanahistoria na akaandika kitabu kikubwa kuhusu maovu ya Stalin. Zhores akachagua biolojia, lakini hakuna aliyesoma maisha yake atakayesema kwamba habari ya baba yake ilimtoka moyoni.

Aliingia katika Vita Kuu ya Pili mwaka 1943, akajeruhiwa mwaka huohuo, akarudishwa nyumbani. Kisha akajiunga na chuo cha kilimo cha Timiryazev mjini Moscow, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Je, wajua kwamba Medvedev alinusurika kuwa mmoja wa waliofungwa midomo na siri hiyo? Mwalimu wake pale chuoni alikuwa Vsevolod Klechkovsky, mtaalamu wa namna mimea inavyofyonza elementi zenye mionzi. Wanaosoma kemia hukutana naye wanapojifunza utaratibu wa elektroni kujaza maganda ya atomu, maana Warusi huuita kanuni ya Klechkovsky. Mwaka 1958 mwalimu huyo alipewa kazi ya kuanzisha kituo cha utafiti huko Ural, mahali ambapo udongo, mimea na wanyama walikuwa wamechafuliwa na mionzi kwa mlipuko. Alimwalika mwanafunzi wake waende wote. Medvedev alikataa kwa sababu moja: kazi ingekuwa ya siri, na asingeruhusiwa kuchapisha alichokigundua. Kwa hiyo alijua mapema kwamba kuna jambo lilitokea. Na kwa kuwa hakutia saini karatasi ya kuficha siri, ulimi wake ulibaki huru.

Uhuru huo aliutumia kwanza kwa jambo jingine. Wakati ule biolojia ya Kisovieti ilikuwa bado inauguza majeraha ya Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyeikataa jenetiki, akapata upendeleo wa Stalin, na kwa sababu yake wanasayansi wengi wakafukuzwa kazi, wengine wakafungwa. Nikolai Vavilov, aliyekusanya mbegu za mazao kutoka kila pembe ya dunia, alifia gerezani mwaka 1943. Medvedev aliiandika historia hiyo yote kwa majina na tarehe. Mswada wake ulizunguka kwa siri, mkono kwa mkono, ukipigwa chapa upya na wasomaji wenyewe, hadi ulipotoka kitabu Marekani mwaka 1969. Mwaka huo alifukuzwa kazi katika taasisi ya radiolojia ya tiba mjini Obninsk. Obninsk, kwa faida ya msomaji, ndipo mtambo wa kwanza duniani wa nyuklia uliounganishwa na gridi ya umeme ulipowashwa, Juni 1954.

Je, wajua kwamba kuwa na vipaji viwili kuliwahi kuhesabiwa ugonjwa wa akili? Tarehe 29 Mei 1970 polisi na madaktari walimfuata Medvedev nyumbani kwake Obninsk, wakamchukua kwa nguvu, wakamlaza katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Kaluga. Hakuwa na ugonjwa wowote. Madaktari walitaja kama dalili ile hali ya mtu mmoja kufanya utafiti wa biolojia na wakati huohuo kuandika mambo ya jamii na siasa. Ikahesabiwa kuwa nafsi yake imegawanyika.

Roy alianza kubisha kila mlango. Mwanafizikia Andrei Sakharov, aliyekuwa mmoja wa mababa wa bomu la haidrojeni la Kisovieti, aliingia katika mkutano wa kimataifa wa wanasayansi mjini Moscow, akashika chaki, akaandika ubaoni kwamba anakusanya saini za kudai Medvedev aachiwe. Hebu fikiria ujasiri wa kitendo hicho katika nchi ile, mbele ya wageni. Pyotr Kapitsa naye akapaza sauti, Aleksandr Solzhenitsyn akatoa tamko, na mhariri mashuhuri Aleksandr Tvardovsky akafunga safari mpaka Kaluga kumwona. Baada ya siku 19 milango ikafunguliwa. Ndugu wawili hao wakaandika pamoja kitabu juu ya mkasa huo, sura moja ya Zhores aliye ndani, sura moja ya Roy aliye nje.

Januari 1973 Zhores aliruhusiwa kwenda London kufanya utafiti kwa mwaka mmoja katika taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Mill Hill. Agosti, ubalozi ukamwita, ukamnyang'anya pasipoti na kumwarifu kwamba amevuliwa uraia. Mwaka mmoja ukageuka maisha yote.

Sasa tufike kwenye ajali yenyewe, maana hapa pana mambo ya kushangaza kweli.

Novemba 1976 Medvedev aliandika makala katika jarida la New Scientist la Uingereza kuhusu harakati za wanasayansi wa Kisovieti waliokuwa wakipigania haki. Katikati ya makala alitaja, kama jambo linalojulikana na kila mtu, mlipuko wa taka za nyuklia huko Ural. Hakujua kwamba Ulaya na Marekani hapakuwa na raia wa kawaida aliyewahi kuusikia. Magazeti yakaudaka. Sir John Hill, mwenyekiti wa mamlaka ya nishati ya atomiki ya Uingereza, akajitokeza mbele ya wanahabari na kusema habari hiyo ni upuuzi mtupu, jambo kama hilo haliwezekani.

Mwezi uliofuata ikafika sauti ya pili, kutoka Israeli. Mwanasayansi Lev Tumerman, aliyehamia huko kutoka Moscow, aliandika gazetini kwamba mwaka 1960 alipita kwa gari katika eneo hilo. Alikuta vibao barabarani vikiwaamuru madereva wafunge madirisha na waendeshe kwa kasi yote bila kusimama kwa kilomita nyingi. Pande zote mbili ardhi ilikuwa tupu: hakuna vijiji, hakuna mifugo, hakuna mashamba, isipokuwa mabomba ya moshi ya nyumba zilizokwisha kubomolewa.

Mtu mwingine angetosheka na shahidi huyo. Medvedev hakutosheka, kwa kuwa alikuwa ameitwa mzushi na mtaalamu mwenzake, na aliona kwamba jibu la kumpa mtaalamu ni ushahidi. Akaingia maktabani.

Alijua jambo moja ambalo makachero hawakulijua: mwanasayansi aliyefanya kazi miaka kumi hawezi kuvumilia kazi hiyo ipotee bure. Wale waliokwenda na Klechkovsky lazima walikuwa wamechapisha kitu mahali fulani, hata kama jina la mahali limefutwa. Akaanza kupekua majarida ya Kisovieti ya ekolojia, ya samaki, ya udongo, ya wanyama. Akakusanya makala zaidi ya 100 zilizohusu elementi mbili, strontiamu-90 na sesiamu-137, katika mazingira ya asili.

Tazama alivyozisoma. Makala moja inaeleza mionzi ndani ya samaki wa ziwa ambalo halikutajwa. Miongoni mwao wamo paiki, samaki wakubwa wala nyama ambao kwa kila mmoja lazima pawe na samaki wadogo wengi wa kumlisha. Watafiti walivua paiki wengi, tena kwa muda mrefu, na ziwa halikuishiwa. Medvedev akapiga hesabu: ziwa la namna hiyo haliwezi kuwa bwawa la majaribio, lazima liwe na kilomita za mraba kadhaa. Waandishi walitaka ionekane kwamba mionzi iliwekwa makusudi kwa ajili ya utafiti. Nani mwenye akili timamu atamwaga sumu katika ziwa zima ili apime samaki? Makala nyingine inazungumzia kulungu wa misituni. Mnyama huyo hakai mahali pamoja, huhama na majira, kwa hiyo ardhi iliyochafuliwa ilikuwa pana mno. Nyingine ndege, nyingine panya, nyingine wadudu na minyoo ya udongo, nyingine miti ya msonobari. Ukiziweka pamoja, unapata nchi nzima iliyougua.

Mahali je? Orodha za wanyama na mimea zilichanganya jamii za Ulaya na jamii za Siberia, na mpaka wa dunia hizo mbili ni Ural. Juu ya hayo, mkaguzi wa maandishi alipitiwa: katika makala moja jina la mkoa wa Chelyabinsk lilibaki pale pale, limechapwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe.

Na lini? Kila mwandishi alitaja miaka iliyopita tangu uchafuzi. Medvedev akatoa idadi hiyo kutoka kwenye tarehe za utafiti, makala baada ya makala, na majibu yote yakaangukia palepale, kati ya vuli ya 1957 na majira ya kuchipua ya 1958. Kisha uwiano wa elementi zenyewe ukasema lililobaki. Strontiamu ilikuwa nyingi sana kuliko sesiamu, tofauti na vumbi la mabomu ya majaribio. Hizo zilikuwa taka za kiwanda, zilizokwisha kuchambuliwa.

Mimi nawaheshimu sana wale waandishi wa makala. Walikatazwa kusema wapi na kwa nini, wakatii, lakini takwimu hawakuzipotosha. Kila kilo ya udongo na kila mfupa wa samaki waliuandika kama walivyoupima. Bila uaminifu huo Medvedev asingekuwa na kitu cha kusoma. Na baadhi ya wataalamu waliopata ujuzi wao katika kituo kile ndio walioitwa Chernobyl mwaka 1986 kuwaelekeza wakulima la kufanya na mashamba yaliyochafuka.

Kitabu chake kuhusu msiba wa Ural kilitoka mwaka 1979. Wanasayansi wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, waliirudia kazi yake kwa kujitegemea na kuongeza mbinu yao: walilinganisha ramani za Kisovieti za kabla na za baada. Majina ya vijiji zaidi ya 30 yalikuwa yametoweka, na mito ilikuwa imechimbiwa mifereji mipya.

Je, wajua kwamba CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walijua muda wote? Walikuwa na taarifa za mlipuko huo tangu mwaka 1959, na ndege ya kijasusi ya Marekani iliyorushwa na rubani Gary Powers ilitunguliwa tarehe 1 Mei 1960 katika anga hilohilo la Ural. Nyaraka zilitolewa mwaka 1977 baada ya wanaharakati kuzidai kwa sheria. Kwa nini adui anyamaze wakati angeweza kumwaibisha mpinzani wake? Wengi, na Medvedev akiwamo, waliona kwamba Marekani nayo ilikuwa na maghala ya taka za aina ileile, na haikutaka wananchi wake waanze kuuliza. Siri hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa na walinzi wa pande mbili. Uingereza nayo haikuwa na mikono mitupu: siku 11 tu baada ya mlipuko wa Ural, tarehe 10 Oktoba 1957, mtambo wake wa Windscale ulishika moto, maziwa ya ng'ombe katika eneo la kilomita za mraba 500 hivi yakamwagwa, na ripoti kamili ya uchunguzi ikafungiwa hadi mwaka 1988.

Kilichotokea hasa tunakijua leo. Kiwanda cha Mayak, katika mji wa siri wa Chelyabinsk-40, uliozungushiwa uzio, ndicho kilichotengeneza plutoniamu ya bomu la kwanza la Kisovieti la mwaka 1949. Mji huo haukuwamo katika ramani yoyote, ndiyo maana ajali ikabandikwa jina la mji wa jirani, Kyshtym. Taka za majimaji zilihifadhiwa katika matangi ya chuma yaliyozamishwa ardhini. Taka hizo hujipasha moto zenyewe, kwa hiyo lazima zipozwe mchana na usiku. Mfumo wa kupozea tangi moja ukaharibika na haukutengenezwa. Tani 70 hadi 80 za taka zikaendelea kuchemka kama sufuria iliyosahaulika jikoni, maji yakakauka, chumvi za nitrati na asetati zikabaki, joto likafika nyuzi 350 hivi. Jumapili ile, saa kumi na dakika 22 alasiri, tangi likalipuka. Mfuniko wa zege wenye uzito wa tani 160 ulirushwa hewani. Halikuwa bomu la atomiki, ulikuwa mlipuko wa kemikali, lakini ulitawanya kyuri milioni 20 za mionzi. Sehemu kubwa iliangukia kiwandani na karibu yake. Kiasi cha asilimia 10 kilipaa na upepo kuelekea kaskazini mashariki kwa zaidi ya kilomita 300.

Jioni ile mbingu za eneo hilo zilionekana ziking'aa kwa rangi. Tarehe 6 Oktoba gazeti la Chelyabinsk likawaeleza wasomaji kwamba walichokiona ni ule mwanga wa asili wa nchi za ncha ya kaskazini.

Medvedev hakupatia kila kitu. Alidhani taka zilikuwa zimefukiwa udongoni na ndimo zilimolipukia, hakujua habari ya tangi. Lakini mahali, wakati, aina ya sumu na upana wa madhara alivipatia.

Waliokuwa chini ya wingu hilo walikuwa wanavijiji, wengi wao Wabashkiri na Watatari. Vijiji vya karibu kabisa, kikiwamo Berdyanish, vilihamishwa baada ya siku saba hadi kumi. Siku hizo zote watu walikuwa wakila mazao ya mashamba yao na kunywa maziwa ya ng'ombe wao. Askari walipofika, wanakijiji waliamriwa wavue nguo, waoge, wavae nguo walizopewa. Nguo zao zikateketezwa, mifugo ikapigwa risasi mbele yao, nyumba zikabomolewa. Sababu hawakuambiwa. Katika miaka miwili watu zaidi ya 10,000 waliondolewa. Karabolka ilikuwa na sehemu mbili: ya Warusi ikahamishwa, ya Watatari ikaachwa, na watu wanaishi humo mpaka leo, wakiwa na malalamiko ambayo mimi nayaona ni ya haki. Eneo lililochafuka zaidi liligeuzwa hifadhi ya wanyama katika miaka ya 1960, na kuingia humo ni marufuku.

Moscow ilikiri mwezi Juni 1989. Mwaka uliofuata Medvedev alirudishiwa uraia, na mwaka huohuo akatoa kitabu kingine kikubwa, safari hii kuhusu Chernobyl.

Je, wajua kwamba nyuklia haikuwa fani yake kuu? Fani yake ilikuwa uzee. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akieleza kwamba mwili huzeeka kwa kulimbikiza makosa madogo madogo wakati wa kutengeneza protini na asidi za kiini. Mwaka 1990 alikusanya nadharia zote za uzee zilizopata kutolewa, akazikuta zaidi ya 300.

Na katika utafiti wa uzee pia aliichokoa hadithi iliyopendwa na serikali. Ilikuwa ikisemwa kwamba katika milima ya Kaukasi kuna wazee wa miaka 120, 140 na zaidi, na Stalin, Mgeorgia, alifurahi kusikia watu wa kwao wanaishi hivyo. Mwaka 1974 Medvedev alionyesha kwamba wengi wao hawakuwa na cheti chochote cha kuzaliwa. Wako pia waliokwepa kuandikishwa jeshini ujanani kwa kutumia karatasi za baba zao, nao wakabaki na umri wa baba hadi kufa. Medvedev mwenyewe alifariki London tarehe 15 Novemba 2018, siku moja baada ya kutimiza miaka 93, na karatasi zake zote zilikuwa sahihi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwishoni mwa Septemba 2017, vichujio vya hewa vya nchi nyingi za Ulaya vilinasa rutheniamu-106, aina ya rutheniamu yenye mionzi ambayo haipatikani kwa asili. Hakuna nchi iliyosema imepata ajali. Watafiti wa nchi mbalimbali wakaunganisha vipimo vyao na mienendo ya upepo, na mwaka 2019 wakachapisha majibu: chanzo kinachoelekea zaidi ni kusini mwa Ural, na kiwanda chenye uwezo wa kutoa kitu hicho huko ni Mayak. Shirika la nyuklia la Urusi limekana.